Linatetemeka Likisimama, Likikimbia Limepona

Mwenye gari anayefika gereji ya Nyakato au Mabatini, jijini Mwanza, na kusema gari lake linamisi, jambo la kwanza atakaloambiwa ni plagi. Plagi zikibadilishwa na gari likaendelea kutetemeka, zitafuata koili. Koili zikishindwa zitatajwa nozeli, halafu pampu ya mafuta, na mwishowe atatokea mtu wa kusema kwa sauti ya huruma kwamba injini imechoka, bora itafutwe nyingine ya mtumba. Katika safari yote hiyo kuna kipande cha chuma chenye ukubwa wa ngumi, kimefungwa kwa boliti ubavuni mwa injini, ambacho pengine hakuna aliyekigusa hata mara moja.

Kinaitwa valvu ya EGR. Kazi yake huwashangaza wengi wanapoelezwa kwa mara ya kwanza: inachukua sehemu ya moshi uliokwisha kuungua na kuurudisha ndani ya injini, uvutwe tena pamoja na hewa safi. Mtu ana haki ya kuuliza kwa nini moshi urudishwe ndani wakati bomba limewekwa ili utoke. Jibu ni joto. Mafuta yanapoungua ndani ya silinda na moto ukapita takriban nyuzi 1,500 za Selsiasi, naitrojeni na oksijeni za hewani, ambazo siku zote hukaa pamoja bila kugusana, huanza kuungana na kuzaa oksidi za naitrojeni, gesi zinazowasha macho na kubana kifua. Moshi uliorudishwa hauna oksijeni ya kutosha kuungua tena. Unakaa tu ndani ya silinda, unafyonza joto, na moto unapoa kidogo. Kwenye injini ya petroli moshi unaorudishwa huwa kama asilimia 5 hadi 15 ya kinachovutwa. Kwenye dizeli isiyo na mzigo mkubwa unaweza kufika hata nusu.

Mpango huo una masharti, na masharti hayo ndiyo yanayomsaidia fundi. Injini ya petroli ikiwa kwenye sailensi, yaani imewashwa na hakuna anayekanyaga mafuta, moto wa ndani ni mdogo na hewa inayoingia ni kidogo. Hapo valvu inatakiwa iwe imefunga kabisa, maana moshi kidogo tu unatosha kuuvuruga moto huo. Gari likishika mwendo wa kawaida, au likipanda mwinuko kwa mzigo wa wastani, valvu hufunguka. Dereva akikanyaga hadi chini, hufunga tena ili injini ipate hewa yote. Kwa hiyo valvu iliyokwama ikiwa wazi hujulikana gari likisimama: linatetemeka, linataka kuzima, na likishika kasi linakuwa limepona. Iliyokwama ikiwa imefunga haina dalili yoyote kwenye sailensi. Hiyo hujulikana mlimani, injini inapogonga kwa mlio mkavu wa chuma na nguvu kupotea. Kabla spana haijashikwa, basi, kuna swali moja lisilo na gharama: linatetemeka lini?

Noah ya wanafunzi

Chukua Toyota Noah moja ya mwaka 2003, ile ambayo mjini wanaiita "new model", ya mama anayebeba wanafunzi asubuhi na jioni. Fundi ni kijana wa Kisukuma, amejifunzia kazi chini ya mwembe na baadaye akapita chuo cha ufundi cha VETA.

"Mwangaluka, mayu. Gari linasumbua nini?"

"Linatetemeka, mwanangu. Nimebadilisha plagi zote nne, bado."

"Likiwa limesimama au likitembea?"

"Likisimama. Pale Mkuyuni kwenye foleni linataka kunizimikia. Nikishapita, barabara ikiwa nyeupe, wala hulisikii."

Kwa majibu hayo mawili nusu ya kazi imekwisha. Fundi hafungui chochote kwanza. Anaiacha injini ipate moto, kisha anachomoa waya wa koili moja baada ya nyingine, kila moja kwa sekunde chache tu, kwa sababu petroli isiyoungua ikienda kwa wingi kwenye masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, itayachoma. Anachotafuta ni tofauti. Silinda mbovu ikizimwa, injini haibadiliki, kwa kuwa haikuwa ikifanya kazi tangu mwanzo. Nzima ikizimwa, injini inashtuka. Kwenye Noah hii silinda zote nne zikizimwa zinashtua injini sawasawa. Maana yake hakuna plagi, koili wala nozeli moja ya kulaumiwa. Tatizo ni la kitu ambacho silinda zote zinakichangia, na vitu vya namna hiyo si vingi: hewa, mchanganyiko wa mafuta, au moshi unaopenya mahali usipotakiwa. Kuna injini ambazo tundu la moshi limekaa karibu na silinda moja kuliko nyingine, na hapo lawama inaweza kuangukia silinda hiyo pekee. Kwa hiyo kipimo hiki kinapunguza watuhumiwa, hakitoi hukumu.

Sindano ya mizunguko nayo inatazamwa. Gari linaweza kutetemeka mpaka usukani ukawasha viganja huku sindano imetulia tuli. Hapo mara nyingi injini iko salama na zilizokufa ni mauntingi zinazoishikilia. Kwenye Noah ya mama huyu sindano inapanda na kushuka. Fundi anapulizia dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo kwenye viungio vya manifoldi, mbali na sehemu zenye moto mkali, akisikiliza kama injini itabadili sauti. Ingebadilika, ingekuwa hewa ya nje inavutwa kupitia gasketi au mpira uliopasuka. Haibadiliki.

Mkono sasa unaenda kwenye valvu. Injini iliachwa ikapoa, ikawashwa upya, na baada ya dakika chache fundi anasogeza mkono taratibu kwenye njia inayotoka kwenye valvu kuelekea manifoldi ya hewa. Valvu ikiwa imefunga, upande ule unatakiwa uchelewe kupata moto. Huu umeshapata. Anazima gari, analegeza boliti, anaingiza kipande cha bati alichokikata kwa mkasi mahali pa gasketi, anakaza, anawasha. Sindano inasimama karibu na 700 na haitikisiki. Bati hilo ni kipimo, na kwa fundi mwaminifu halikai hapo zaidi ya muda wa kupima.

Valvu yenyewe ikifunguliwa inatoa picha isiyohitaji mashine. Upande unaotazama ekzosi umejaa masizi makavu, mepesi, yanayotoka yakiguswa. Upande unaotazama manifoldi, masizi yamekutana na mvuke wa oili unaotoka kwenye kreki, yakawa lami nyeusi, nzito, inayong'aa. Kati ya kichwa cha valvu na kitako chake kimenasa kipande cha kaboni cha kama milimita mbili. Hicho tu. Milimita mbili zimemnunulisha mama plagi nne.

Taa ya injini kwenye dashibodi haikuwahi kuwaka, na hilo ndilo linalowapoteza wengi. Valvu nyingi za petroli za kizazi hicho husukumwa hatua kwa hatua na mota ndogo ya umeme. Kompyuta inaiambia ifunge, inahesabu hatua, na kuamini kuwa imefunga. Haina jicho la kuona kwamba kaboni imezuia. Waya ukikatika itajua na kulalamika. Uchafu ukinasa haijui. Tena magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani miaka ile ya mwanzo ya 2000 yana soketi inayofanana na ya kimataifa bila kuzungumza lugha ile ile, hivyo vile vifaa vidogo vya blututhi vinavyouzwa madukani vinaweza kuchomekwa vikaonyesha karibu patupu. Anayesema "nimelipima kwa mashine, halina tatizo" huenda amepima ukimya.

Pale ambapo kompyuta ina jicho, msimbo P0401 unasema moshi unaorudi ni mdogo kuliko unaotakiwa, na P0402 unasema umezidi. Misimbo hiyo nayo si hukumu. P0401 mara nyingi hutolewa na valvu nzima kabisa ambayo njia zake za ndani zimeziba. Njia ya kutofautisha ni ya kizamani na haijapitwa: kwa valvu ya zamani inayofunguliwa kwa mvuto wa hewa, unavuta mpira wake kwa pampu ya mkono, injini ikiwa kwenye sailensi. Injini inatakiwa iyumbe au izime. Ukiona valvu imefunguka na injini haijali, moshi haufiki, na hapo kununua valvu mpya ni kutupa hela wakati kinachotakiwa ni waya wa kuzibulia na uvumilivu.

Sheria ya Japani chini ya boneti

Kifaa hiki hakikubuniwa kwa ajili ya Mwanza. Kilizaliwa na moshi wa Los Angeles. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu uliokuwa ukiwatoa machozi watu wa jiji lile ulipikwa na jua kutokana na moshi wa magari na viwanda vya mafuta, oksidi za naitrojeni zikiwemo. Marekani ilipokaza masharti mwanzoni mwa miaka ya 1970, valvu za EGR zikaanza kufungwa kwenye magari ya kawaida. Japani ilifuata kwa ukali zaidi; kanuni zake za mwaka 1978 ziliwalazimisha watengenezaji kupunguza oksidi hizo kwa kiwango ambacho wakati huo wengi waliona hakiwezekani. Na kwa kuwa barabara zetu zimejaa magari yaliyokwisha kutumika Japani, sheria ya Tokyo tunaiendesha kila siku kutoka Igoma hadi Nyegezi, tupende tusipende.

Hapo pia ndipo lilipo jibu la mabishano ya vijiweni kuhusu Noah "old model" na "new model". Ile ya zamani, yenye injini ya 3S-FE, inapulizia petroli kwenye njia ya hewa, nyuma ya valvu za kuingizia. Petroli ni dawa nzuri ya kusafishia, kwa hiyo kila mpuliziko unaziosha valvu hizo. Iliyofuata, iliyotoka mwaka 2001, ilikuja na injini ya 1AZ-FSE ya mtindo ambao Toyota inauita D-4, ulioingia sokoni Japani mwaka 1996. D-4 inapulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Inabana mafuta vizuri, lakini valvu za kuingizia hazioshwi tena na chochote. Moshi unaorudishwa na mvuke wa oili vinapita pale, vinaganda, na hakuna cha kuviondoa. Isitoshe, D-4 za mwanzo zilitengenezwa ziweze kuchoma mchanganyiko wenye hewa nyingi mno, hali ambayo masega ya kawaida hushindwa kuzisafisha oksidi za naitrojeni, hivyo zikategemea zaidi moshi wa kurudisha. Mafundi wanaosema D-4 ni ya kuikimbia wanaionea kidogo. Inahitaji kusafishwa kwa ratiba, jambo ambalo 3S-FE ilitusamehe kwa miaka mingi.

Mita 1,135

Kosa jingine la kutafuta ugonjwa ni la ramani. Ziwa Victoria liko kama mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, na mitaa ya mawe ya Bugando na Isamilo imepanda juu zaidi. Hewa ya hapa ni nyepesi kwa asilimia 12 au 13 kuliko ya Dar es Salaam. Gari lisilo na tabo likinunuliwa Dar na kuendeshwa mpaka Mwanza litafika limepungukiwa nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, na hakuna valvu wala nozeli iliyoziiba. Nimewasikia watu wakilivua gari nusu ya injini kuzitafuta.

Fundi anayetumia vipimo anatakiwa ajue zaidi ya hapo. Swichi ikiwashwa bila kuwasha injini, sensa ya presha ya manifoldi Dar es Salaam itasoma karibu kilopaskali 101. Mwanza itasoma kama 88. Aliyekariri 101 ataitupa sensa nzima. Kadhalika saa ya kupimia mvuto wa manifoldi: vitabu vinasema injini yenye afya kwenye sailensi huonyesha inchi 17 hadi 22, lakini vitabu hivyo viliandikiwa usawa wa bahari, na kipimo hushuka kama inchi moja kila unapopanda mita 300. Kwa Mwanza, 13 hadi 18 ni afya njema. Usipolijua hilo, kila injini ya mkoa huu itaonekana inavuja hewa au valvu yake ya EGR iko wazi, na utafungua kila moja kutafuta ugonjwa usiokuwepo. Inayopaswa kushtua ni sindano inayoruka, au inayokaa chini sana ya ile ya gari jingine la aina hiyo hiyo lililopimwa hapo hapo gereji.

Dizeli ina mambo yake

Hiace za abiria, Hilux, Prado na pikapu zinazopakia dagaa Mwaloni Kirumba zinaugua kwa namna nyingine. Dizeli haina tabia ya kuifunga valvu kwenye sailensi. Nyingi huiacha wazi kwa kiasi, kwa sababu hewa inayoingia ni nyingi kuliko mafuta na moto unaweza kuvumilia. Ndiyo maana kukaa muda mrefu injini ikiunguruma ni sumu kwao. Moto hautoshi kuchoma masizi, moshi unazunguka, uchafu unajengeka. Madereva wa Sengerema na Geita walioshinda kwenye foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi, injini zikiachwa kwa ajili ya kiyoyozi, walikuwa wakizijaza masizi bila kujua. Tangu Daraja la JP Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lizinduliwe Juni 2025, foleni hiyo haipo. Foleni za mjini zipo, na daladala inayosimama kila mita mia mbili haipati nafasi ya kujisafisha.

Valvu ya dizeli ikikwama wazi, dalili ni moshi mweusi dereva anapokanyaga, gari kuchelewa kuitikia, na wakati mwingine kuzima ghafla likipunguza mwendo. Ni dalili zile zile za nozeli mbovu, za tabo inayovujisha, na za eakilina iliyojaa vumbi. Hizi tatu zinatakiwa ziangaliwe kwanza, eakilina mwanzo kabisa, maana haihitaji hata spana. Kuna sababu nyingine ya mpangilio huo: nozeli inayomwaga na eakilina iliyoziba ndivyo vinavyozalisha masizi yanayoiua valvu. Ukisafisha valvu ukaviacha, umempa mteja miezi michache tu. Nimeona manifoldi ya Prado ambayo njia ya hewa, ya kuingiza vidole vitatu, ilikuwa imebaki ya kuingiza kimoja. Iliyobaki yote ni lami. Gari la namna hiyo halitaponywa na kopo la dawa linalomiminwa kwenye tangi.

Kuna mtego mbaya zaidi kwa mifuko ya watu. Dizeli nyingi zina kipoozeo kinachopitisha maji ya rejeta pembeni ya moshi ili upoe kabla ya kurudi ndani. Kikitoboka, maji yanaingia kwenye njia ya hewa. Asubuhi gari linatoa moshi mweupe, linatetemeka kwa dakika kadhaa kisha linatulia, na rejeta inapungua maji bila tone kuonekana chini. Kila anayeona hivyo anasema gasketi ya silinda hedi imeungua. Hedi inashushwa, inapelekwa kupigwa resi, inarudishwa, na moshi mweupe unaendelea kama kawaida. Kabla ya kushusha hedi, fundi angeweza kuweka presha kwenye mfumo wa maji kwa pampu ya mkono, kufungua bomba la EGR upande wa kipoozeo na kuangalia kama kuna unyevu. Ni kazi ya saa chache, na hedi inabaki mahali pake.

Mafuta yenyewe yana sehemu yake. Hadi mwisho wa mwaka 2014 dizeli ya Tanzania iliruhusiwa kuwa na salfa ya sehemu 500 kwa milioni. Kuanzia Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilishuka hadi 50. Salfa ikiungua na kukutana na unyevu ndani ya kipoozeo hutengeneza asidi inayokula chuma, kwa hiyo vipoozeo vya leo vina maisha mepesi kuliko vya zamani. Uchakachuaji ni jambo jingine. EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili isiwepo faida ya kuyachanganya. Tatizo lilipungua sana, lakini gari la petroli likianza kugonga mlimani ghafla, siku moja baada ya kujaza mahali pasipojulikana, nisingekimbilia kuilaumu EGR iliyofunga. Mafuta ya taa ndani ya petroli hugongesha injini vivyo hivyo. Choma tangi hilo taratibu, jaza kwingine, ndipo upime.

Bati la kudumu

Fundi mwenye haraka ana dawa moja kwa yote haya. Lile bati la kupimia analiacha humo humo, anakaza boliti, anapokea hela. Wanaita kuziba EGR, na kwenye Hiace za dizeli imekuwa desturi. Wateja wanafurahi, na sioni sababu ya kuwadanganya kwamba furaha yao ni ya uongo: dizeli ya zamani iliyozibwa huvuta hewa safi, masizi hupungua, gari huchangamka.

Wala mafundi wetu si wa kwanza kuichoka valvu hii. Septemba 2015 ilifichuka kwamba Volkswagen ilikuwa imeweka kwenye magari yake ya dizeli programu inayotambua gari linapopimwa moshi na kufanya usafi wakati huo tu. Barabarani usafi, pamoja na kurudisha moshi, ulilegezwa. Magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo, na baadhi yalitoa oksidi za naitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa Marekani. Kampuni yenye wahandisi maelfu ilifanya kwa kompyuta kile ambacho kijana wa Mabatini anafanya kwa mkasi wa bati. Tofauti ni kwamba kijana hakumuahidi mtu usafi wowote.

Hata hivyo hesabu ya bati ina upande wa pili. Injini ya petroli iliyozibwa hupata joto zaidi ikiwa safarini. Sensa ya kugonga ikisikia mlio, kompyuta inachelewesha cheche, na mafuta mengi zaidi yanaliwa huko. Gari lenye jicho la kuona mtiririko litawasha taa ya injini, na taa ikishakuwa ya kudumu dereva hatajua itakapowaka kwa jambo zito. Halafu kuna hewa yenyewe. Oksidi za naitrojeni hazionekani kama moshi mweusi, hivyo abiria anayeshuka kwenye Hiace iliyozibwa atadhani ni safi kuliko jirani yake. Wapiga debe na mama lishe wa stendi wanazivuta kutwa nzima. Baadaye naitrojeni hiyo inarudi chini na mvua, na karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Moshi wa magari si mkosaji mkuu hapo, maana uchomaji wa mapori na kuni, maji taka na mbolea za mashamba ni wakubwa zaidi. Lakini magugu maji hayaulizi naitrojeni ilikotoka.

Kwa hiyo sitagombana na mwenye dizeli ya zamani iliyochakaa kipoozeo, ambaye spea yake haipatikani, akaamua kuziba baada ya kuelezwa. Ninagombana na bati linalowekwa kimyakimya, na zaidi likiwekwa kwenye petroli, ambako kusafisha ni kazi ya asubuhi moja. Valvu inafunguliwa, sehemu ya umeme haizamishwi kwenye dawa, kaboni inakwanguliwa kwa kijiti na brashi laini. Wapo wanaoichoma kwa moto wa gesi. Inang'aa kweli, na kitako na springi vinapoteza ugumu wake. Gasketi ya karatasi iliyokatwa kwenye boksi haitavumilia moto wa ekzosi hata wiki. Inatakiwa ya chuma. Betri ikichomolewa na kurudishwa, sailensi inaweza kuwa juu siku moja mbili, kwa sababu kompyuta ilikuwa imezoea kufidia uchafu na sasa inajifunza upya. Mteja aambiwe mapema, asirudi na hasira.

Na anayenunua gari lililokwisha kutembea hapa mjini ainame achungulie kiungio cha valvu hiyo kabla ya kulipa. Gasketi ya kiwandani imekaa sawa na kingo za chuma, imepauka. Bati lililokatwa kwa mkono huwa na ulimi uliochomoza, unaong'aa, na kichwa cha boliti moja kimeliwa na spana. Akiliona, amuulize muuzaji lilifungwa lini na kwa sababu gani, na asikubali jibu kwamba gari limekuja hivyo kutoka Japani.